Mitulinga ya Mbuzi wa Mbuke

Kila Jumamosi asubuhi, kabla gulio la Runzewe halijajaa watu, Mbuke alikuwa amekwisha kufunga aproni yake ya turubai na kusimama upande wa kulia wa baba yake. Mzee Sabiti ndiye aliyechinja, ili Mwislamu na Mkristo wote wale bila wasiwasi. Masalu, baba yake Mbuke, alichuna na kukata. Mbuke, binti wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Darasa la Sita, alishika.

Kushika si kazi ya kubeza, msikieni vizuri. Ukishika ovyo, mguu wa mbuzi unateleza na kisu kinakula kidole cha mtu. Mbuke aliushika mguu akaukunja polepole, na baba yake akapapasa kwa kidole gumba, akaingiza ncha ya kisu, na mguu ukaachia bila kelele. Wauza nyama wengine walipiga shoka mpaka vipande vya mifupa vikarukia nyama, na mteja akifika nyumbani anatafuna huku amekunja uso. Masalu hakuwa na shoka. Alikuwa na kisu kimoja chembamba, na wachimbaji wa dhahabu waliotoka maduarani, kwenye mashimo yao, wakiwa na njaa walipita meza nne za watu wengine ili wanunue kwake.

"Weka kidole hapa," alimwambia Mbuke tangu alipokuwa na miaka minane. "Unasikia nini?"

"Nasikia kama mwanya, baba."

"Basi kisu kinapita hapo. Mfupa wenyewe tunauacha. Tunakata pale mifupa inapokutana."

Alipofika miaka kumi, Mbuke aliweza kumaliza mbuzi mzima peke yake, na baba yake akiangalia tu. Shuleni baadhi ya wenzake walimwita Binti Bucha na kujifanya wanaziba pua akipita. Jina hilo lilimuuma, hakuna haja ya kuficha. Lakini Mbuke alikuwa na kichwa kigumu. Alipita akiwa amenyoosha shingo, na moyoni akajiambia kwamba siku yake itafika.

Ilifika siku ya Jumanne, katika kipindi cha sayansi. Mwalimu Ritha alikuwa amebandika ukutani picha kubwa ya mifupa ya mtu. Picha hiyo ilikuwa ya zamani, tena imechanika penye magoti, lakini shule haikuwa na nyingine.

"Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita," alisema Mwalimu Ritha. "Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, maana mingine huungana anapokua. Mifupa inatusimamisha, inalinda ubongo, moyo na mapafu, na ndani ya uboho wake damu inatengenezwa. Sasa, nani ataniambia kwa nini mifupa miwili ikikutana haisagani?"

Mbuke akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwenye ncha ya mfupa kuna kitu cheupe, kinateleza, kigumu kidogo. Halafu ndani ya kiungo kuna ute mzito kama ute wa yai. Ukikata unakuchuruzikia mkononi. Na nje kuna nyuzi ngumu zinazofunga mfupa huu na ule. Hizo usipozikata kiungo hakiachii hata ukivuta namna gani."

Mwalimu Ritha aliweka chaki chini. "Hicho cheupe kinaitwa gegedu," alisema, "na nyuzi hizo ni ligamenti. Umesoma wapi, Mbuke?"

"Sijasoma, mwalimu. Nimekata."

Hakuna aliyeziba pua siku hiyo. Mwalimu Ritha aliendelea, akaeleza kwamba kungekuwa na maonyesho ya sayansi ya shule za wilaya, pale Ushirombo, na kwamba kazi mbili zitakazoshika nafasi za juu zingepelekwa Geita mjini. Shule yao ilikuwa haijawahi kufika Geita kwa jambo lolote, hata kwa mpira wa miguu. Mbuke akasikia damu inamwenda mbio. Akasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, naweza kuleta mbuzi. Mifupa yake yote, nimeiunga, amesimama. Tuonyeshe viungo vinavyofanya kazi."

"Yote? Haitapotea njiani?"

"Yote, mwalimu. Mimi sipotezi mfupa hata mmoja."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi sitini na tatu, na kauli hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Kazi ilichukua wiki tatu. Masalu alimtengea mifupa ya beberu mmoja mzima, na mama yake akamwachia sufuria kuukuu. Mbuke alichemsha, akakwangua, akasugua kwa majivu na sabuni ya unga, akaianika juu ya bati ambako mbwa wasingefika. Mwalimu Ritha alimpa msaidizi, Thobias, mtoto wa fundi baiskeli, mwenye mikono myepesi na mdomo usiopumzika. Thobias alitoboa kwa msumari wa moto, akaunga kwa waya, na penye viungo akafunga vipande vya tyubu badala ya ligamenti.

Viungo vilikuwa fahari yao. Goti la nyuma lilikunjuka na kukunjika upande mmoja tu, kama bawaba ya mlango. Penye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo, kilikaa ndani ya kikombe chake kikazunguka huku na huku. Pingili za uti wa mgongo zilipangwa moja moja, na ukiinamisha kichwa cha mbuzi shingo yote inafuata.

"Mbuke, huyu meno ya mbele ya juu hana," Thobias alisema siku moja akiwa ameshika fuvu. "Umeyapoteza. Kwenye picha yapo."

Mbuke alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe umekulia Runzewe na hujawahi kumtazama mbuzi mdomoni? Hana toka azaliwe. Ile picha ni ya mtu."

Laiti angeyashika maneno yake mwenyewe, mambo yangekuwa mepesi.

Siku moja kabla ya maonyesho, mchana, mbuzi alisimama juu ya ubao darasani. Mbuke alikwenda penye picha akaanza kukagua, kidole kimoja ukutani na macho kwa mbuzi. Fuvu, lipo. Pingili, zipo. Mbavu, zipo. Mifupa bapa ya mabega, ipo miwili. Halafu kidole chake kikafika kwenye mifupa miwili myembamba iliyolala juu ya kifua, mmoja kila upande, kutoka begani hadi kwenye mfupa wa kidari. Mitulinga. Akamtazama mbuzi. Hana.

Alikimbia nyumbani. Alichungulia ndani ya sufuria, akapanda juu ya bati, akapekua majivu kwa vidole. Hakuna kitu. Akarudi darasani mikono mitupu.

"Mbwa," Thobias alisema. "Au kunguru. Imekwenda hiyo."

Baba yake hakuwepo. Alikuwa amekwenda Samuye, mkoani Shinyanga, kwa ndugu zake kununua mbuzi, na Masalu akifika Samuye simu yake huishiwa chaji mpaka arudi. Mwalimu Ritha alikuwepo, tena hatua ishirini tu, ofisini. Lakini Mbuke aliwaza atakavyosimama mbele yake na kusema, nimepoteza. Aliwaza wanafunzi sitini na tatu na kicheko chao. Akabaki darasani.

"Kuna zile mbavu za mbuzi mwingine tulizojaribia kutoboa," Thobias alinong'ona. "Tukizikata na kuzisugua, nani atajua?"

Wakazikata. Wakazisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka zikafanana na za picha. Wakazitia waya toka kidari hadi begani, na kweli, mbuzi akaonekana ametimia. Tena miguu ya mbele iliyokuwa inalegea ikakaza vizuri, wakaondoa vijiti vilivyokuwa vinaishikilia.

Mwalimu Ritha alipokuja kutazama, alizunguka ubao mara mbili akitabasamu. Kisha akainama. "Hii miwili mbona myeupe kuliko mingine?"

"Nimeisugua zaidi, mwalimu," Mbuke alijibu.

Kabla ya hapo hakuwahi kumdanganya Mwalimu Ritha hata mara moja. Aliporudi nyumbani alikula ugali wake kwa samaki bila kusikia ladha, na mama yake alipomuuliza kama kuna linalomsumbua, akasema hapana. Hilo nalo lilikuwa uongo, na alishangaa jinsi wa pili ulivyotoka kwa urahisi.

Ushirombo ilijaa watu. Ukumbi ulikuwa na meza za shule kumi na nne. Wengine walileta majiko ya pumba, wengine vichujio vya maji, na shule moja ilileta mtambo mdogo wa umeme wa upepo ambao ulizunguka vizuri kweli. Hata hivyo meza ya Mbuke ndiyo iliyozingirwa. Watoto walitaka kushika goti, wazee walitaka kuona shingo inavyoinama, na Thobias aliwafukuza wote kwa sauti ya askari.

Saa nne akaingia Masalu. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye basi, vumbi la Shinyanga bado limemkaa mabegani, fimbo ya kuswagia mbuzi mkononi. Alisimama nyuma ya watu kwa sababu hakuzoea mahali pa walimu, lakini shingo alikuwa ameinyoosha, na uso wake ulisema wazi kwa kila aliyekuwa karibu kwamba yule pale ni binti yangu. Halafu macho yake yakafika kwenye kifua cha mbuzi. Yakasimama hapo. Akakunja kipaji kidogo, akamtazama Mbuke.

Wakati huohuo majaji wakafika. Aliyewaongoza alikuwa Bi Zuhura, daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye mtandio wa kijani na daftari mkononi.

"Haya binti, tuanzie nyuma," alisema.

Mbuke akaanzia nyuma. Alionyesha nyonga, akasema, "Nikitaka kutoa mguu huu, lazima nitafute hiki kichwa cha mfupa ndani ya kikombe. Nikikata ligamenti yake kinatoka, unakisikia tok." Watu wakacheka kwa kufurahi. Akaonyesha goti, akaonyesha kifundo, akaeleza gegedu na ute. Bi Zuhura aliandika bila kuinua kichwa. Kisha wakafika mbele.

"Na mguu wa mbele? Ungekuwa gulioni, ungeutoaje?"

Mbuke akafungua mdomo. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe kama unaoshika kisu, ukapita hewani kati ya bega na mbavu, laini, toka chini hadi juu, jinsi ulivyopita Jumamosi baada ya Jumamosi. Haukugonga kitu. Hapo ndipo alipokumbuka. Mguu wa mbele hausemi tok. Hakuna kiungo cha kutafuta. Ni nyama tupu, unapitisha kisu na mguu unabaki mkononi mwako. Mbuzi wote aliowakata hawakuwa na mfupa pale.

Hakupoteza kitu. Alikuwa ametengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Angeweza kunyamaza. Thobias alikuwa anamwangalia kwa macho ya kumsihi anyamaze. Watu wote wale walikuwa wameshamfurahia, na Geita ilikuwa karibu kabisa. Mbuke akamtazama baba yake, ambaye hajawahi kumuuzia mtu mapafu akasema ni maini.

"Mama," alimwambia Bi Zuhura, "hii mifupa miwili si yake."

Akaigusa mmoja mmoja kwa kidole.

"Niliona kwenye picha ya mtu ipo, nikadhani nimeipoteza. Nilikuwa nimejigamba kwamba sipotezi mfupa. Nikaona aibu kusema, nikachonga mbavu za mbuzi mwingine. Tena Mwalimu Ritha aliponiuliza nilimdanganya." Akamgeukia mwalimu wake. "Samahani, mwalimu. Mbuzi hana mitulinga. Mikono yangu ilikuwa inajua, mimi ndiye sikuiuliza."

Mwalimu Ritha alimwashiria kwa mkono aendelee. Bi Zuhura aliinua kichwa kwenye daftari kwa mara ya kwanza.

"Kama hana mitulinga," aliuliza polepole, "kifua chake kinashikwa na nini?"

"Nyama, mama. Zinatoka kwenye mfupa bapa wa bega, zinashuka kushika mbavu. Kifua kimening'inia katikati."

"Nionyeshe."

Mbuke akafungua waya na kuiondoa mifupa ile miwili. Papo hapo miguu ya mbele ikatanuka na kifua kikaanguka juu ya ubao, na watoto wakaguna kwa huzuni. Thobias alipekua mifuko yake. Vipande vya tyubu vilikuwa vitatu tu, na vilihitajika vinne. Alisita, akatazama dari, kisha akatoa manati yake na kuikata mpira. Urafiki huo usidharauliwe, maana manati ile alikaa nayo tangu Darasa la Tatu.

"Baba," Mbuke aliita, "njoo unishikie mabega."

Watu wakampisha Masalu. Akaegemeza fimbo ukutani, akapiga goti, akashika mabega ya yule mbuzi kwa vidole vilevile vya gulioni. Safari hii yeye ndiye aliyeshika, na binti yake akafanya kazi. Mbuke alifunga vipande vya mpira toka juu ya bega hadi kwenye mbavu, viwili kushoto, viwili kulia, akakaza, akaachia.

Mbuzi akasimama. Mbuke akaweka kiganja mgongoni penye mabega akaminya. Kifua kikashuka taratibu kati ya miguu, kikarudi juu. Akaminya tena, kikarudi tena.

"Akiruka kutoka kwenye jiwe," Mbuke alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imenyooka, "uzito wote unaangukia miguu ya mbele. Kungekuwa na mitulinga ingevunjika. Hizi nyama zinampokea."

"Na mtu je?" Bi Zuhura aliuliza. "Yeye kwa nini anayo?"

Hapo Mbuke alifikiri kidogo. Alinyoosha mkono wake ubavuni, akauinua juu, akauzungusha kama anayelima kwa jembe. "Mbuzi hawezi hivi. Miguu yake inakwenda mbele na nyuma tu. Mtulinga ndio unaoshikilia bega la mtu mbali na kifua, mkono upate nafasi."

Makofi yaliyopigwa yalisikika hadi barabarani. Masalu hakupiga. Alikuwa bado amepiga goti, ameshika mabega ya mbuzi, na machozi yanamlengalenga.

Jioni matokeo yakasomwa. Mtambo wa upepo ulikuwa wa kwanza. Mbuzi wa Mbuke alikuwa wa pili, na alikwenda Geita. Bi Zuhura alimwita pembeni pamoja na baba yake.

"Nimekukata alama kwa mifupa ya uongo," alisema, "kwa hiyo hukuwa wa kwanza, na ni haki. Lakini ujue kwamba niliiona tangu nilipoingia mlangoni. Nilikuwa nangoja nione utafanya nini. Ungeitetea, ningefunga daftari na kwenda meza nyingine." Kisha akamgeukia Masalu. "Mzee, nani alikufundisha kukata kwenye viungo?"

"Baba yangu, kule Samuye," Masalu alijibu. "Shule mimi niliishia Darasa la Pili, daktari."

"Walimu wa shule ya binti yako wakuite ukafundishe. Nasema kweli."

Mwalimu Ritha hakungoja kuambiwa mara mbili. Jumatatu iliyofuata, Masalu alisimama mbele ya Darasa la Sita, amevaa shati lake la kanisani, na mezani mbele yake kuna mguu mbichi wa mbuzi juu ya jani la mgomba na kile kisu chembamba. Wanafunzi sitini na tatu wakasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mwalimu."

Masalu aligeuka nyuma kuangalia mwalimu gani ameingia. Hakuona mtu. Ndipo alipotambua kwamba wanamsalimu yeye.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Wabeja sana. Asanteni."

Akawaita mmoja mmoja waweke kidole penye kiungo, wasikie mwanya. Waliokuwa wakiziba pua walikuwa wa kwanza kwenye mstari. Ukutani, kando ya ile picha iliyochanika magotini, ilining'inia mifupa miwili midogo iliyochongwa, na chini yake karatasi yenye mwandiko wa Mbuke: Hii si ya mbuzi. Niliiweka mimi.

Mvulana mmoja akaionyesha kwa kidole. "Mwalimu, kwa nini Mbuke hajaitupa?"

Masalu alimtazama binti yake, aliyekuwa pembeni amefunga aproni, anamshikia mguu.

"Kwa sababu anayeficha alipokosea atakosea hapohapo tena," alisema. "Nami gulioni najua hivi: kisu ukikipitisha mahali pa uongo, kinagoma. Kujua kazi yako ni jambo la kujivunia, na huyu anaijua. Lakini siku ile pale Ushirombo alijua kukata na kuunga viungo vingi, na hilo halikunitoa machozi. Kilichonitoa machozi ni pale aliposema, si yake." Akaushika mkono wa Mbuke, akamkabidhi kisu mbele ya darasa zima. "Haya, mwanangu. Waonyeshe wenzako panapopita."

Mbuke akaukunja mguu, akapapasa kwa kidole gumba, akapitisha kisu, na kiungo kikaachia bila kelele.